Mke wa Jina na Kamba ya Ukoo

Rungwa, Jumanne

Salome, usifungue mdomo bado. Jifanye unatafuta miwani, na mistari hii ya juu uisome kimya. Mwanamke aliyekuletea barua hii hajui kusoma, na atakuomba umsomee. Msomee. Ila ukifika mahali nilipochora mzinga wa nyuki, simama hapo, mwombe akakuchotee maji, na kipande kinachofuata ukimalize peke yako. Nimekutania tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni. Hapo sikutanii.

Haya, vaa miwani. Anza kwa sauti.

Mdogo wangu mpendwa Salome,

Marahaba. Nimeitika mapema kwa sababu nakujua, ukiona barua unaiparamia kama kuku aliyeona pumba, unasahau kwamba aliyeandika ni kaka yako mkubwa. Mimi huku Rungwa ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Meno yamebaki manne na hakuna mawili yanayoonana. Goti la kulia bado linatabiri mvua, na linakosea kama redio. Baridi ya mwezi huu imekuja na meno yake, nadhani ni yale yangu. Nyie huko Issuna hamjambo? Mgongo wako umetulia? Mtama mmevuna, au ndege wamewatangulia? Na mume wako, bado anakohoa wakati wa mahubiri tu?

Utasema, kwa nini huyu mzee wa darasa la nne anahangaika na kalamu wakati simu zimejaa. Simu ninayo. Mtandao nao upo, lakini unapatikana juu ya kichuguu kimoja karibu na ofisi ya kijiji, na ukishapanda pale unaongea kama mwinjilisti, kijiji kizima kinaitikia amina. Maneno ya leo sitaki yaitikiwe amina.

Basi, huyo aliyekaa mbele yako ni wifi yako. Usitoe macho. Nimeoa, na nilioa nikiwa na akili zangu. Anaitwa Tatu. Kama mmemkalisha kwenye kile kigoda chenu kinachoyumba, mwinue umpe kiti cha kuegemea. Nitakueleza ilivyokuwa, na nikiongeza chumvi atanisahihisha hapo hapo, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Tatu alikuwa mke wa Kapela, mrina asali mwenzangu na jirani yangu. Ndiye aliyenipokea nilipofika huku na mzinga mmoja na shoka la kuazima. Mwaka jana, majira kama haya, Kapela alianguka kutoka juu ya mti akirina. Walisema kamba ilioza ikakatika. Tulimzika, tukanywa uji wa msiba, tukaendelea kuishi kwa sababu hakuna kazi nyingine.

Sasa huku kwao, siku ya kumaliza msiba ukoo wa marehemu unakaa na kumtaja mtu wa kumrithi mjane, yeye pamoja na mizinga. Mtu mwenyewe alikuwa Nkwabi, mdogo wake Kapela. Nkwabi ana wake wawili, nyumba ya bati na sauti ya upole kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Sijawahi kumsikia akigombana na mtu. Hata mbwa hawambwekei. Wanampisha.

Ila mila yao imeacha upenyo. Mjane akitokea siku hiyo na mwanamume mwingine mbele ya wazee, na mwanamume huyo akakubali kuchonga alama yake kwenye mzinga wa marehemu, ukoo hauna neno tena.

Siku tatu kabla ya msiba kumalizika, Tatu akaja kwangu. Nilikuwa nakwangua nta kwenye sufuria. Hakukaa.

"Mzee Ntandu, wewe una mke?"

"Nilikuwa naye. Mungu alimpenda kuliko mimi, akamchukua."

"Basi nioe mimi."

Kisu kikaniponyoka. "Tatu, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Sijanywa kitu. Nataka unioe kwa jina tu. Wewe huna ukoo huku, kwa hiyo hakuna wifi wala mama mkwe wa kunitumatuma. Utakula kwangu, utalala kwenye kibanda cha jikoni. Mizinga utaiangalia, asali tutagawana. Mambo mengine hayapo."

"Mambo gani mengine?"

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Hayo ambayo hata yangekuwepo yangekuchosha."

Hivyo ndivyo kaka yako alivyobembelezwa, Salome. Wengine wanaimbiwa.

Nikamuuliza kwa nini hamtaki Nkwabi, mtu mwenye bati na ng'ombe. Akaokota kile kisu changu, akanirudishia. Halafu akasema, "Yeye ndiye aliyekuja mbio kuniambia mume wangu ameanguka. Alikuja na shati safi. Mtu anayetoka porini, kutoka kwenye maiti ya ndugu yake, shati safi analitoa wapi?"

Nilijiambia ni uchungu unaosema. Mjane anaona mengi. Nikakubali, kwa hesabu yangu ya kizee kwamba ugali wa kupikiwa, hata ukiwa mbaya, unashinda ugali wa kujipikia. Tulikuwa kama watu wawili waliojibanza chini ya paa moja mvua ikipita. Mtu hajiulizi paa ni la nani.

Siku yenyewe wazee waligunaguna. Nkwabi peke yake alitabasamu. Akasema, "Mila ni mila. Mzee mgeni achonge."

Nikufafanulie hapo, maana nyie wa mtama hamjui. Kila mrina asali ana alama yake, anaichonga kwa shoka kwenye kifuniko cha mzinga. Anayerithi hairithi mizinga kwa maneno. Anapanda, anachonga ya kwake chini ya ile ya marehemu, ndugu wa marehemu akiwa ameshika kamba chini na mjane akiangalia. Mti mmoja unatosha kwa yote. Halafu msimu ukifika, asali ya kwanza lazima itoke kwenye mti ule ule, na kamba ya siku hiyo inatolewa na ukoo. Asipotokea kupanda, alama yake inafutwa kwa shoka na mambo yanarudi yalikokuwa.

Nkwabi alinionyesha mti mfupi. "Chonga huu, mzee. Ule mninga ni mrefu kwa umri wako."

Ule mninga ndio alioanguka Kapela. Hakuna aliyekuwa ameupanda tangu siku ile. Na mimi, Salome, Tatu amesimama pale amekunja mikono, nipande mti wa watoto? Nikasema nitapanda huo huo mrefu. Nilipumzika mara tatu njiani nikijifanya natazama mandhari. Nikafika, nikachonga alama yangu, mguu wa kuku, chini ya ile ya Kapela, mwezi, nikashuka. Watu wakapiga makofi. Mke wangu mpya akasema, "Umekawia. Nilidhani umehamia."

Tumeishi hivyo tangu wakati huo. Ugali wake ni wa maji, unaweza kuuogea. Mwezi wa pili homa ilinibwaga siku nne. Kila nikifumbua macho namkuta mlangoni kwangu, amekaa na ungo anamenya karanga. Nikamuuliza, unafanya nini hapo?

"Nakulinda usife," akasema. "Ukifa sasa hivi nitaitwa mwenye mkosi, na nani atapanda ule mti?"

Huu hapa mzinga. Nimeuchora vibaya, unafanana na nguruwe, lakini umeelewa. Una kiu, Salome. Mtume bomba la mbali, lile lenye maji matamu.

Ameenda? Tazama dirishani uhakikishe.

Sasa sikiliza. Juu ya ule mninga niliona kitu. Mrina akifika juu anaifunga kamba kwenye tawi, anaegemea akifanya kazi. Fundo la Kapela lilikuwa bado pale, limebaki na kipande cha kamba urefu wa mkono. Kamba iliyooza inaisha kama ndevu za mbuzi, ovyo ovyo. Hii ilikuwa na ndevu nusu. Nusu nyingine ilikuwa imenyooka kama nywele zilizotoka kwa kinyozi, na juu ya ule mkato imepakwa nta ili usionekane. Mtu aliikata nusu kwa kisu kabla haijapanda mtini, akauziba, akaacha uzito wa Kapela umalizie. Na aliyemletea Kapela kamba siku ile ni ndugu yake.

Nilikuwa nimekumbatia tawi, nikasikia kutoka chini ile sauti ya kubembeleza, "Mzee, unaona nini huko?"

"Naona mpaka Mbeya," nikajibu. "Mama mkwe wako anaanika nguo."

Wote wakacheka. Nkwabi alicheka baada ya wengine kumaliza. Kamba iliyonishika ilikuwa mkononi mwake, Salome. Ile ilikuwa nzima, kwa sababu hakutegemea nichague mti ule. Nilikata kile kipande, nikakitia kifuani, nikashuka nikisikia kila uzi wa kamba.

Ningenyamaza, pengine ningezeeka zaidi. Lakini unaujua mdomo wangu, ndio ulionifukuzisha shule. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kilabuni tunakunywa wanzuki, watu wakimkumbuka Kapela, mmoja akasema kamba mbovu imetunyang'anya mtu. Nikasema, "Ajabu ya kamba ile, ilioza upande mmoja tu." Wakacheka, maana wamezoea kucheka kila nikifungua mdomo. Nkwabi akaweka kikombe chake chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Kesho yake akaja kwangu na nyama. Tangu nimjue ananiita mzee mgeni. Siku hiyo aliniita kaka. Akauliza habari za goti. Akauliza kama nina ndugu hai, na kama huwa wanakuja. Nikamwambia ninao wengi na wote ni wachawi. Akatabasamu.

Jumapili akarudi na kamba mpya ya magome, imesokotwa vizuri sana. "Hii ni ya kurina Jumamosi, kaka," akasema. "Nimeisokota mwenyewe." Akaitundika kwenye msumari wa mlango wangu kwa mkono wake. Ipo hapo mpaka sasa, inanitazama nikiandika. Nimeipitisha vidoleni. Ni ngumu na ina miiba miiba kote, isipokuwa sehemu moja, urefu wa mkono kutoka nchani. Hapo ni laini. Nimeinusa. Mtu aliyeishi na nyuki miaka thelathini haambiwi harufu ya nta.

Utasema nikimbie. Nikikimbia, Jumamosi alama yangu itafutwa, na Tatu ni wa Nkwabi hata akiwa kwenu Issuna. Watamfuata na mbuzi wa mila na maneno matamu, na wazee watano nyuma yake. Utasema nikaseme kwa wazee. Mkubwa wao ni baba mdogo wa Nkwabi, na mgeni mwenye kipande cha kamba ataambiwa amekikata mwenyewe kwa tamaa ya mizinga. Kwa mtendaji nilifikiria, lakini ofisi iko pale pale kichuguuni, na ukitoka tu kila mtu anakuuliza ulifuata nini. Nkwabi angejua kabla sijafika nyumbani. Na asingengoja Jumamosi.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Tatu nimemwambia aende akajitambulishe kwa wifi yake, apeleke asali, arudi Jumatatu. Siku ya kurina wanawake hawaruhusiwi chini ya mti, kwa hiyo hakubisha sana. Sijamwambia nilichokiona. Namjua, angechukua jembe na kwenda kwa Nkwabi saa hiyo hiyo, na sasa tungekuwa tunamsindikiza yeye gerezani.

Kuna madumu mawili. Kubwa ni lenu, kuleni. Dogo usimimine kwa mtu yeyote. Ndani ya asali, chini kabisa, kuna mfuko wa nailoni umefungwa, na ndani ya mfuko kuna kile kipande cha Kapela. Mpe Elisha, mume wa binti yako, maana ni askari na ana akili kuliko kofia yake. Mwambie apande gari la Ijumaa asubuhi, aje na mwenzake, na wasivae sare mpaka wafike. Kamba mpya, Jumamosi ataikuta mkononi mwa Nkwabi mwenyewe, ameishika chini ya mti mbele ya wazee wote. Aweke vile vipande viwili pamoja, aombe mtu yeyote aliyewahi kurina anuse.

Elisha akiwahi, atanikuta bado niko chini. Akichelewa, atanikuta chini pia, ila sitaweza kumkaribisha.

Nina mkanda wa ngozi wa zamani. Nitauvaa ndani ya shati, na nikifika juu nitajifunga nao kwenye shina nikijifanya najikuna. Wazee macho yao ni mabovu. Anayeona vizuri ni mmoja tu, na ndiye atakayekuwa chini yangu. Mkanda nimeujaribu kwenye boriti la jikoni. Boriti lililia, mkanda haukulia. Lakini na wenyewe ni mzee kama mimi, siuapii.

Jambo la mwisho la kimya. Lolote litakalotokea, Tatu asirudi huku Jumatatu mpaka Elisha aseme arudi. Mfungie viatu kama ni lazima. Mpe ugonjwa wa mgongo wako akuuguze, anapenda kulinda watu wasife. Nilimwoa kwa jina, Salome. Ila baada ya ile homa nilijikuta asubuhi nanyoa ndevu. Hakuna aliyeniambia ninyoe. Nilikuwa nakwenda kula ugali wa maji tu, kutoka kibandani mpaka mlangoni kwake, hatua kumi, na nimenyoa. Sijamwambia. Mzee wa umri wangu akisema maneno hayo anaonekana ana malaria. Kama itabidi asikie, atasikia kwako, na si kabla ya Jumapili.

Kunjua uso wako vizuri, huyo anarudi na ndoo. Soma kwa sauti kuanzia hapa.

Naam, mdogo wangu, hizo ndizo habari za mizinga na mavuno. Nisalimie shemeji yangu mume wako, mwambie nyumba isiyo na kikohozi haina mwenyewe. Nisalimie mama mdogo, kama bado anakataa kufa basi tuko wawili. Binti yako mshonaji mwambie suruali aliyonitumia ilikuwa ya mtu mwenye makalio, nimeigawa. Mume wake Elisha nisalimie sana, mwambie ajionjeshe asali ya dumu dogo leo leo. Mchungaji wenu mpe mkono, mwambie aniombee Jumamosi asubuhi, goti langu litakuwa na kazi.

Na wewe Tatu, najua unasikiliza, acha kumwangalia Salome usoni. Leo mchana nilikuona unafunga furushi. Kati ya kanga zako niliona koti langu, lile zito, na baridi ndiyo hii. Nikakuuliza, mtu anayeenda siku chache anabeba koti la mwanamume la nini? Ukaendelea kufunga fundo. Ukasema, "Ili mwenyewe asikie baridi, alifuate."

Nilicheka, ukatoka nje. Sasa hivi nimeweka kalamu chini, nimetoka na mimi, nikakuona umesimama mbele ya mlango wangu, umeshika ile kamba pale kwenye msumari. Hukuniona. Ulikuwa unaipitisha vidoleni polepole, ukafika sehemu moja, ukasimama.

Basi vidole vyako vimeshajua, sina la kukuficha, na wewe kwa lile koti hukunificha. Salome, lile koti litundike kwenye msumari wa chini. Mwenyewe ni mfupi, na akifika atakuwa amechoka kunyoosha mikono.

Kaka yako, mume wake,

Yohana Ntandu